Ratiba ya choo, pampasi, nepi za kitambaa au mpira wa mkojo: kipi kimfae mzee wa makazini?

Inapokaribia Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, makazi ya wazee hupata wageni wengi. Huja na mchele, sabuni na mafuta ya kula, na siku hizi hukosi kuona katoni za pampasi za watu wazima. Ukipita mabwenini wiki inayofuata unakuta karibu kila mzee kavishwa, anayetokwa na mkojo na asiyetokwa, anayetembea na asiyetembea. Mashuka yanabaki makavu na wafuaji wanapumua. Kisha katoni zinakwisha, na miongoni mwa wazee wamo waliokuwa wakijikongoja wenyewe hadi chooni ambao sasa wameshazoea kumaliza haja palepale walipo.

Ulinganisho huu ni kwa anayepaswa kuamua: msimamizi wa makazi, muuguzi wa zamu, au familia iliyompeleka mzazi kwenye nyumba ya malezi ya binafsi na inaulizwa ilete nini. Msimamo wangu nausema mapema. Mchana, choo kwanza. Usiku, pampasi au nepi kwa wanaohitaji. Mpira wa mkojo, yaani katheta inayotoa mkojo mwilini, ni kwa sababu ya kitabibu tu, na sababu hiyo iandikwe kwenye faili. Kugawa kitu kimoja kwa bweni zima ni kosa, hata kama kitu chenyewe ni kizuri.

Kabla ya kununua chochote

Uzee peke yake haumfanyi mtu ajikojolee. Kibofu cha mzee hubeba kidogo kuliko zamani na humpa muda mfupi kati ya kubanwa na kutoka, lakini aliyeanza kulowa ana sababu, na sababu nyingine zinatibika.

Bibi ambaye mkojo unamtiririka muda wote bila hata kubanwa, aulizwe kwa faragha ulianza lini. Akisema ulianza baada ya kujifungua mtoto fulani, miaka mingi iliyopita, huenda ana fistula, yaani tundu lililobaki kwenye njia ya mkojo baada ya uzazi mgumu, aliyoishi nayo kwa aibu utu uzima wake wote. Pampasi haitibu fistula. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu ugonjwa huo bila malipo, na Hospitali ya Bugando kule Mwanza nako upasuaji wake hufanyika. Babu anayetokwa na matone matone, mkondo dhaifu, tumbo la chini limejaa, aangaliwe tezi dume. Kibofu chake hakimwagi. Kimejaa hadi kinafurika, na ukimvisha pampasi unafunika jambo linaloweza kumwharibia figo. Mwingine ana kisukari kisichodhibitiwa. Mwingine ana maambukizi ya mkojo, na dalili pekee unayoiona ni kwamba jana alikuwa na akili timamu na leo anachanganya majina. Mwingine anapewa dawa ya kukojoza saa 10 jioni, ilhali angeimeza asubuhi angelala usiku. Mwingine hajapata choo kikubwa kwa siku kadhaa na utumbo uliojaa unakibana kibofu.

Na yupo ambaye kibofu chake hakina kasoro yoyote. Kasoro ni choo kilicho ng'ambo ya uwanja, ngazi mbili, hakuna taa. Baadhi ya makazi ya serikali, Nunge ya Kigamboni na Bukumbi ya Mwanza miongoni mwao, yamepokea pia watu walioathirika na ukoma. Mzee ambaye vidole vyake havishiki anafika chooni kwa wakati, kisha anashindwa na kifungo cha suruali. Kaptura ya mpira kiunoni, au msuli tu, humaliza tatizo hilo kwa gharama ya fundi cherehani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni daftari. Kwa siku tatu, kila saa mbili, mhudumu anaandika: kavu au kalowa, kaenda chooni au la, kanywa nini, kapata choo kikubwa lini. Bila kurasa hizo unachagua kwa kubahatisha.

Mchana: ratiba au pampasi?

Kuna ratiba za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya saa: kila baada ya saa mbili wote wanapelekwa, wawe na haja au wasiwe nayo. Ni rahisi kuisimamia, na humfaa mzee aliyepoteza kumbukumbu sana kiasi kwamba hawezi kujibu swali. Ya pili ni ya kukumbushwa: mzee anaulizwa, anasikilizwa, anasaidiwa akikubali na kupongezwa akiwa mkavu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu huduma kwa wazee, limeipendekeza hii ya pili kwa wazee wenye shida ya mkojo waliopungukiwa na uwezo wa akili. Huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, nguo yako kavu au imelowa?"

"Kavu."

Mhudumu anaomba ruhusa, anahakikisha. "Kweli, kavu kabisa. Hongera bibi. Twende msalani kabla ya chai?"

"Sina haja."

"Haya. Nitapita tena chai ikiisha. Ukibanwa kabla ya hapo, niite."

Hakumvuta mkono, na hakutangaza bweni zima lisikie. Amemwachia bibi ahadi ya kurudi, na lazima arudi kweli, maana mara ya pili akidanganywa bibi hataita tena. Jambo jingine linaloonekana dogo ni nani anayeuliza. Babu wa pwani aliyelea mabinti hatakubali kuvuliwa na binti wa miaka ishirini, na akikataa huandikwa kuwa "msumbufu". Akipewa mhudumu mwanaume, shida mara nyingi huisha.

Ratiba haimfai kila mtu, na hapa ndipo watetezi wake hukosea. Tafiti zilizofanywa katika nyumba za wazee Marekani zimeonyesha kuwa kati ya robo na asilimia 40 ya wakazi wenye tatizo hupata nafuu kubwa kwa kukumbushwa, na kwamba siku tatu za majaribio zinatosha kuwatambua. Huo ndio uzuri wake: hukisii. Mzee ambaye kwa siku tatu, kila akikumbushwa, anakojoa chooni mara nyingi kuliko anavyolowa, endelea naye. Ambaye hakuna kilichobadilika, mweke kwenye mzunguko wa kukaguliwa na kubadilishwa, wala usimchoshe.

Hoja inayoletwa dhidi ya ratiba ni uhaba wa wahudumu. Tupige hesabu. Wazee 10 wanaokumbushwa, dakika 6 kila mmoja, ni saa nzima katika kila saa mbili. Ni nusu ya zamu ya mtu mmoja, na si kidogo. Lakini pampasi nayo haijibadilishi. Mzee asiyejigeuza kitandani mara nyingi huhitaji watu wawili, beseni la maji, kitambaa na nguo safi. Ukija kwenye fedha, mzee anayetumia pampasi 4 kwa siku anamaliza 120 kwa mwezi, yaani paketi 12 za vipande kumi kumi. Akiwa na ratiba ya mchana, akavaa moja usiku na kuwekewa moja ya akiba, anatumia 60. Zidisha nusu hiyo inayookolewa kwa idadi ya wazee wako na kwa bei ya duka lako. Huenda ukapata mshahara wa mhudumu wa ziada.

Pampasi au nepi za kitambaa?

Kabla hujabishana na mtu, fanya jaribio mezani. Chukua pampasi moja na nepi ya taulo iliyokunjwa mara mbili. Mimina kila moja maji ya uvuguvugu, glasi moja, kiasi cha mililita 200. Subiri dakika mbili, kisha kandamiza kiganja juu ya kila moja. Kwenye nepi kiganja kinatoka kimelowa. Kwenye pampasi nzuri unahisi ubaridi tu, kwa sababu ndani yake mna unga unaofyonza maji na kuyageuza kuwa kitu kizito kama uji wa muhogo. Pampasi duni utaijua hapohapo: maji yanazunguka juu na kutokea pembeni. Ukiletewa sampuli na muuzaji, mfanyie jaribio hili mbele yake.

Tofauti hiyo ndiyo afya ya ngozi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo huikinga. Mkojo ukikaa hutoa amonia na kuuvunja. Kinyesi kikichanganyika nao, vimeng'enya vyake huanza kuila ngozi yenyewe. Sabuni ya mche, tunayoipenda kwa kufulia, ni kali kwa kazi hii. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kukausha kwa kugusagusa pasipo kusugua, na kupaka krimu ya zinki kwa wembamba, vinatosha. Mafuta ya mgando yakipakwa mazito huziba uso wa pampasi na mkojo unakosa pa kupita.

Kwa mzee anayelala usiku mzima na kutoa mkojo mwingi, mimi sisiti: pampasi. Nepi inayobaki na unyevu chini ya matako ya mtu asiyejigeuza, na juu yake kumefungwa nailoni inayozuia hewa, ni njia ya haraka ya kupata vidonda.

Lakini nepi ina mahali pake, pakubwa kuliko wauzaji wa pampasi wanavyokubali. Bibi anayetembea na kuvujisha kidogo tu anapokohoa au kuinuka kitini hahitaji pampasi. Kitambaa kilichokunjwa vizuri ndani ya chupi, kikibadilishwa kila anapokwenda chooni, kinamtosha. Tena wengi wa rika hilo walitumia vitambaa walipokuwa wasichana, wanavijua na hawavionei haya, ilhali pampasi wanaiona ni nguo ya kitoto na wengine huichana usiku. Wapo pia wanaojali sala. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayofuata Waislamu wengi wa pwani na Visiwani, mwenye mkojo usiokatika hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha husali. Mzee wa makazi ya Sebleni au Welezo, Zanzibar, anayejua hukumu hiyo hatajitenga na jamaa zake kwa kudhani yeye ni najisi wa kudumu. Shehe akialikwa kuwaeleza, atapunguza huzuni ambayo pampasi haiwezi kuigusa. Kwa vyovyote kitambaa safi kiwe tayari kabla ya adhana.

Gharama ya nepi haiko dukani. Iko kisimani na kwenye kamba. Mzee mmoja anayebadilishwa mara 5 anahitaji nepi zipatazo 15, maana wakati tano zinavaliwa, tano zinafuliwa na tano zinakauka. Wakati wa masika nguo zinapokaa siku mbili kwenye kamba, 15 hazitoshi. Kufua kwenyewe kuna utaratibu: kinyesi kinamwagwa chooni, nepi inasuuzwa kwa maji baridi kwanza kwa sababu ya moto hugandisha doa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, na kusuuzwa tena hadi harufu ya dawa iishe. Mabaki ya klorini huunguza ngozi kama mkojo wenyewe. Dawa ya kulainisha nguo usiweke, hupunguza ufyonzaji. Mfuaji avae glavu za mpira nzito, na apewe, asiambiwe ajinunulie. Makazi yanayonunua maji ya boza yaingize bei ya maji kwenye hesabu kabla ya kusema nepi ni rahisi.

Pampasi nayo ina mwisho wake. Haiozi. Ukiitupa kwenye choo cha shimo inakijaza kabla ya wakati, na gari la kunyonya likija, bomba linaziba. Ukiichoma uwanjani, moshi unaingia bwenini. Panahitajika pipa lenye mfuniko, mifuko, na makubaliano na wazoa taka, na hayo yote ni fedha.

Makosa ya uvaaji yanafanana kila nilikoona kazi hii ikifanyika. La kwanza ni saizi: hununuliwa kubwa "imtoshe kila mtu", kumbe saizi hupimwa kwa nyonga, na kubwa inaacha mianya mapajani. La pili ni kuvisha mbili kwa pamoja. Ile ya ndani ina nailoni chini, kwa hiyo mkojo haufiki ya nje. Umeongeza joto tu. La tatu ni kuweka kipande cha khanga ndani ya pampasi ili "isiishe haraka". Hapo umelipia pampasi ukapata nepi. Anayejua kazi huifungua, huikunja kwa urefu mpaka itengeneze mfereji katikati, huipitisha kutoka mbele kwenda nyuma, kisha hufunga gundi za chini kabla ya za juu.

Chupa, beseni na kiti cha choo

Hapa sina maneno mengi. Chupa ya mkojo kwa babu anayeweza kuishika ndicho kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote nilivyovitaja. Beseni la kitandani ni la yule asiyeweza kuketi. Wengine wote linawatesa, na mtu aliyelala chali hamalizi mkojo wote. Kiti chenye tundu na ndoo, kikiwekwa kando ya kitanda usiku, huzuia safari ya gizani ambayo wazee wengi huangukia na kuvunjika nyonga. Kitengenezwe na seremala, kiwe na mikono ya kushikia, na kimo chake kiruhusu nyayo zikae sakafuni. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu hupinduka.

Mpira wa ndani au wa nje

Mpira wa mkojo unaoingia kibofuni hupendwa kwa sababu unaonekana nadhifu: mkojo uko mfukoni, kitanda kikavu. Bei yake huja baadaye. Kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na ukifikisha mwezi karibu kila mwenye mpira anao. Mzee aliyechanganyikiwa akiuvuta na puto lake, lile linaloushikilia kibofuni, likiwa limejaa, anaichana njia ya mkojo. Sababu za kuuweka ni chache: mkojo umeziba, kidonda cha makalio kinacholoweshwa kila mara, au mzee yuko ukingoni mwa maisha na kugeuzwa kunamuumiza. Uchache wa wahudumu si mojawapo.

Ukiwekwa, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na tarehe ya kuubadilisha iandikwe ukutani. Wa lateksi kwa kawaida hukaa wiki 2 hadi 4, wa silikoni hadi 12. Mkojo ukiwa na harufu au ukungu lakini mzee hana homa, hana maumivu na akili yake haijabadilika, usikimbilie antibaiotiki. Unamfundisha mdudu usugu.

Mpira wa nje, ule wa mfano wa kondomu, ni wa wanaume tu. Kwa babu mwenye akili timamu anayetoa mkojo mwingi usiku ni bora kuliko wa ndani, kwa kuwa hauingii mwilini. Upimwe saizi, ubadilishwe kila siku, ngozi ikaguliwe. Kamwe usifungwe kwa plasta ya kawaida kuzunguka uume: plasta haitanuki, na damu ikikatika ni dharura. Kwa anayechezea kila kitu mwilini mwake, achana nao.

Vidonge na mazoezi

Kwa bibi anayevuja akikohoa, au anayebanwa ghafla, mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 unapendekeza mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, mradi akili yake inafuata maelekezo. Vidonge vya kutuliza kibofu kama oksibutinini hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa mwenye shida ya kumbukumbu huzidisha kuchanganyikiwa. Makazini naviweka mwisho kabisa. Kumnyima mzee maji jioni yote nako si tiba. Mkojo mzito huchokoza kibofu. Kama daktari hajamzuia kwa ajili ya moyo au figo, anywe kama lita moja na nusu kwa siku, sehemu kubwa kabla ya jua kuzama, na chai ya rangi ipungue usiku.

Haja kubwa

Mzee anayetoa kinyesi chepesi kidogo kidogo siku nzima mara nyingi hana kuhara. Ana choo kigumu kilichokwama, na maji yanapita pembeni yake. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa hiyo muuguzi apime kwanza. Baada ya hapo silaha ni muda: utumbo huamka baada ya chakula, hivyo akalishwe chooni zikishapita dakika 20 hadi 30 tangu kifungua kinywa, nyayo juu ya kigoda ili magoti yapande. Papai na maji vifanye kazi yake. Mwenye choo cha saa inayojulikana, hata pampasi zake hupungua.

Ukiwagawa kwa mfano

Bibi anayetembea kwa mkongojo, anasahau siku lakini anajibu akiulizwa: kukumbushwa mchana, kitambaa ndani ya chupi, kiti cha choo kando ya kitanda usiku. Pampasi asivishwe, hata zikiwa za msaada.

Mama mkubwa aliyepooza upande mmoja, hasemi, siku tatu za majaribio hazikubadilisha kitu: pampasi ya saizi yake, akaguliwe kila saa mbili hadi tatu mchana, na usiku anapogeuzwa. Fedha iliyookolewa kwa yule wa kwanza inunue ya huyu iliyo nzuri.

Babu aliyerudi kutoka hospitali miezi miwili iliyopita akiwa na mpira, na hakuna zamu inayojua kwa nini: tafuta barua yake ya ruhusa, mpigie simu daktari, uliza sababu na tarehe. Kama sababu haipo, utolewe kituo cha afya, asubuhi, si Ijumaa jioni. Apewe chupa na maji ya kunywa. Asipokojoa ndani ya saa 6 hadi 8, au tumbo la chini likianza kuvimba na kuuma, arudishwe siku hiyohiyo.